Manowari Sultan Hamud

Najua nilipotea. Nilikuwa nyumbani Sultan Hamud, na kama mnavyojua, nikifika huko laptopu huwa ya watoto kabla haijawa yangu.

Leo nataka kuwaeleza jinsi mpwa wangu wa miaka 12 alivyoiharibu gemu niliyoiandika usiku baada ya kazi kwa karibu miaka miwili. Ni gemu ya vita vya baharini. Kila mchezaji anapewa sarafu 1,000, ananunua manowari, kisha mnapambana. Nilijivunia sana. Nilitaka kuitoa hadharani mwezi huo huo.

Kijana alicheza mara tatu. Mara zote alinunua kitu kimoja tu: kruza 10, za sarafu 100 kila moja. Akazikusanya pamoja, akanifagia. Mara ya nne akanirudishia laptopu. "Mjomba, hii gemu haina akili. Ukinunua kubwa unashinda."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Nikaifungua programu nione. Kila chombo nilikuwa nimekipa namba nne tu: bei, uhai, nguvu ya mzinga na kasi. Ukiwa na namba hizo pekee, hesabu ya Lanchester inatawala kila kitu. Huyu alikuwa mhandisi Mwingereza aliyeonyesha mwaka 1916 kwamba pale ambapo kila mzinga unaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kundi hukua kwa mraba wa idadi yake. Mfano: manowari 20 zikikutana na 10 za aina ile ile, zinabaki takriban 17, yaani kipeuo cha pili cha 400 toa 100. Zikikutana na 10 nyingine, zinabaki kama 14. Kwa hiyo aliyegawanya zake 20 mara mbili amezipoteza zote, na mwenzake kapoteza 6. Somo la kwanza basi: usigawanye kundi lako bila sababu. Mpwa wangu hakusoma hesabu hiyo popote. Aliiona tu.

Lakini je, kwa nini kwenye vita vya kweli watu hawanunui kubwa tupu? Jibu liko hapa hapa Afrika Mashariki.

Tarehe 20 Septemba 1914 kruza ya Kijerumani, Königsberg, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar ikiwa katika matengenezo. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi, Pegasus ikapigwa bila kuweza kujibu ipasavyo, ikazama. Namba ya tano ikapatikana: masafa.

Baadaye Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta kruza zao, lakini zilihitaji maji ya kina kirefu, zikabaki nje zikilinda midomo ya mto. Nguvu yote hiyo, na hakuna wa kuingia! Namba ya sita: kina cha maji ambacho chombo kinahitaji ili kuelea. Namba ya saba ni makaa ya mawe, maana Königsberg nayo haikuwa na ya kutosha kwenda popote.

Waliokuja kuimaliza ni vyombo viwili vya ajabu, Severn na Mersey, vilivyojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Vilikuwa polepole na havipendezi, lakini vilielea kwenye maji yasiyofika mita 2 na vilibeba mizinga ya inchi 6. Tarehe 6 Julai 1915 vilijaribu vikashindwa. Tarehe 11 Julai vikarudi, huku ndege juu ikiwaambia mabomu yanaanguka wapi. Ndege hiyo ilipigwa, na hata ikishuka iliendelea kutuma masahihisho. Namba ya nane: macho. Siku hiyo Königsberg iliisha, ingawa Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 wakaenda kuitumia nchi kavu.

Nikakaa siku nne nikiandika upya. Stima ilipotea mara mbili, ya pili kabla sijahifadhi kazi. Tuachane na hayo. Ramani mpya ina delta na kila chombo kina namba nane.

Nikamwita kijana. Akanunua kruza 10 kama kawaida. Mimi nikanunua kruza 6, vyombo 6 vya maji mafupi vya sarafu 40, ndege 2 za sarafu 30 na meli 2 za makaa za sarafu 50. Piga hesabu, ni 1,000 kamili. Nikamkwepa baharini, nikaingia mtoni. Zake zikazunguka nje mpaka makaa yakapungua, ndipo nikatoka na kundi langu lote kwa pamoja.

Akanyamaza. Kisha akaomba tucheze tena, na safari hii akanunua ndege kwanza.

Baadaye aliniuliza kama vita hivyo vinatuhusu sisi huku bara. Nikamwambia jina la mji wetu limetoka baharini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga jumba la Sultani wa Zanzibar, Khalid bin Barghash, kwa muda usiofika saa moja. Meli yake Glasgow ilizamishwa, Khalid akakimbilia kwa Wajerumani, na Waingereza wakamweka Hamud bin Mohammed. Ndiye huyo Sultan Hamud.

"Walikufa wangapi?"

Nikamwambia upande wa Zanzibar waliouawa na kujeruhiwa wanakadiriwa kuwa 500. Akatazama skrini kidogo. "Kwa gemu yako, chombo kikizama, watu huenda wapi?"

Sikuwa nimeandika namba hiyo. Gemu bado sijaitoa, wadau. Nafanyia kazi ya tisa.