Magurudumu Yasiyovuta

Hapa Mgori msichana aliyemaliza Kidato cha Nne akarudi nyumbani huulizwa mambo mawili: matokeo na mchumba. Mimi wameniongezea la tatu: "Na hilo treni la babu yako, linafika Dar lini?" Nacheka nao. Lakini, ndugu msomaji, jambo lenyewe halichekeshi kama linavyosikika, maana Babu anapofuka.

Zamani za mvuke Babu alikuwa mchochea moto kwenye Reli ya Kati. Mchochea moto jina tu. Vichwa vya treni alivyovikuta vilikuwa vinachoma mafuta mazito, kwa hiyo hakushika koleo. Mkono ulikaa kwenye vali, macho kwenye moshi. Moshi ukiwa mweusi tii, mafuta yanapotea bure. Macho hayo ndiyo yanaondoka sasa. Presha ya macho, daktari alisema. Kilichokwisha kuharibika hakirudi. Babu hakulia. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Mke wangu, tuimalize ile busta kabla giza halijaingia." (Ananiita mke wake, ndio utani wetu, na Bibi hana wivu.)

Kichwa tunachokiiga kinaitwa Nyaturu, namba 3020. Kilitengenezwa Glasgow na kampuni ya North British katikati ya miaka ya 1950, kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki, zilizovipa vichwa vya aina ile majina ya makabila. Leo kimo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Babu hakuwahi kufanya kazi juu yake. Alikipendea jina, basi. "Mnyaturu mwenzangu," husema, "kazeekea ugenini."

Nyaturu ana magurudumu mawili mbele, manane katikati na manne nyuma, chini ya tanuru. Yale manane ndiyo yanayovuta. Manne ya nyuma yanabeba uzito mkubwa lakini hayavuti chochote, yanaburuzwa tu. Sasa fikiria treni nzito inaanza kuondoka, au inapandisha ule ukuta wa bonde kutoka Bahi kwenda Saranda na Manyoni. Magurudumu ya kuvuta yanateleza, yanazunguka palepale, huku uzito mwingine umekaa nyuma bila kazi. Busta ni injini ndogo ya mvuke, yenye silinda mbili, inayofungwa kwenye magurudumu yale ya nyuma. Gia ya kati inashuka, inaungana na gia ya ekseli, injini inasukuma. Mwendo ukishika, gia inanyanyuliwa, yanarudi kuburuzwa.

Wamarekani walizipenda sana busta. Mwaka 1925 kiwanda cha Lima, Ohio, kilitoa kichwa chenye mpangilio huohuo wa mbili-nane-nne, na busta nyuma. Mwaka huohuo Nigel Gresley wa Uingereza naye alifunga busta kwenye vichwa vyake viwili vya mizigo. Huku kwetu walichukua njia nyingine: Garratt, boila moja katikati na injini nzima mbili, moja mbele na moja nyuma. Vile vikubwa kuliko vyote, vya aina ya 59, vilikuwa 34, vikapewa majina ya milima. Babu anavisifu, ila anasema Nyaturu naye hakutendewa haki.

Basi tukamtendea sisi. Boila ni tangi la shaba la stovu ya kupampu. Vali ya usalama ni gololi ya baiskeli iliyokandamizwa na springi ya kalamu. Hapo hatufanyi mchezo, na wewe usije ukaziba kopo la maziwa ukaliweka motoni, litakuua. Magurudumu tuliyachonga kwa nta. Huku nyuki wapo, nta haina shida. Unachonga gurudumu la nta, unalifunika kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, unaacha likauke, unalichoma. Nta inatoka, inabaki nafasi. Humo unamimina sufuria mbovu uliyoyeyusha kwa mkaa na mivukuto.

Kazi ngumu ilikuwa silinda za busta, nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Zinayumba zenyewe juu ya pini, na kuyumba huko ndiko kunakofungua na kufunga tundu la mvuke. Mikono miwili ya kuzungushia ekseli lazima ipishane robo duara, moja ikifika mahali pa kukwama nyingine iwe katikati ya kusukuma. Gia zilitoka kwenye saa ya mezani. Mimi nilikata kwa tupa, Babu akakagua kwa ukucha.

Baba alikuwa anatutazama tu. Alishasema: alizeti zikishavunwa, nakwenda Singida mjini kwa shangazi kujifunza cherehani. Riwaya yangu, kurasa 84 za daftari, haimo kwenye hesabu zake. Simlaumu, ila inaniuma.

Jumamosi moja tuliwasha. Reli ni nondo mbili, mzigo ni matofali juu ya kitoroli. Bila busta Nyaturu alivuta sita. La saba magurudumu yakateleza. Nikashusha gia kwa waya. Sauti ikabadilika, pale kwenye tu-tu-tu kubwa ikaingia nyingine ya haraka, kama cherehani. Babu akainua mkono watu wanyamaze. "Ameshika," akasema, kabla sisi wenye macho hatujaona kitu kikisogea. Saba. Kisha nane. La tisa mvuke ukaisha, maana busta inakunywa, na boila yetu ni ndogo. Baba akaenda mwenyewe kuteka maji ya kuongeza.

Siku hizi Babu anaona mwanga wa mlango tu. Nami alizeti zimeshainamisha vichwa. Kuna binamu yangu wa miaka tisa, jioni namkalisha kati yetu namfundisha kuhesabu meno ya gia kwa ukucha, macho yamefungwa. Juzi alisema ishirini na mbili. Babu akapapasa, akasema hesabu tena.