Kadi ya Kungoja

Ubao wa mradi wetu ulikuwa na safu tatu: Ya Kufanya, Inafanywa, Imekamilika. Pembeni palikuwa na bajeti, na kila shilingi ikitoka, sote tuliiona ikitoka. Tulikuwa watu watano: wawili Nairobi, mmoja Mombasa, mmoja Lamu mjini, na mimi Siyu, kisiwani Pate. Kazi yenyewe ilikuwa kurekodi akina bibi wanaojua tenzi kwa moyo. Mfadhili alitaka kuona pesa zake zinavyotembea, na programu ile ya simu ndiyo ilikuwa dirisha lake.

Sina neno baya nayo. Kabla yake tulikuwa tunapangia kila kitu WhatsApp, na bajeti ikizama kati ya salamu za Ijumaa na picha za harusi. Programu ilituondolea maswali ya nani alipewa nini. Mwenzetu wa Mombasa akinunua betri za kinasa sauti, anapiga picha risiti, anaiweka, basi. Nahodha asiye na kitabu cha risiti akilipwa kwa M-Pesa, ujumbe wa M-Pesa ndiyo risiti.

Mtindo huu wa kadi na safu ulianzia Japani, kwenye viwanda vya Toyota. Vipuri vikipungua, kadi inarudi nyuma kuagiza vingine, na kila mtu anajua kazi imefika wapi. Ni akili ya kiwandani: kazi ina mwanzo, ina mwisho, na ina mtu mmoja wa kuulizwa. Sasa ilete Siyu uone.

Kwanza kuna maji. Boti la kutoka Lamu kuja Mtangawanda hupita Mkanda, na maji yakipwa, njia ile haina kina. Chombo chenye mzigo hungoja. Halafu maji hayajai saa ile ile kila siku, husogea mbele kama dakika 50. Kadi ikasema timu inafika Jumanne saa 9:00, yaani saa tatu asubuhi. Kufika saa tano kadi imeshageuka nyekundu, na Nairobi wanauliza tatizo ni nini. Nikamuuliza ami nahodha nijibu vipi. Akacheka. "Waambie mai hayana simu."

Kisha kuna siku zenyewe. Bibi akikwambia njoo usiku wa Ijumaa, anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu kwetu siku huanza jua likizama. Kalenda ya simu huo inauita Alhamisi. Kila miadi ya usiku ilibidi niiandike mara mbili, moja ya bibi na moja ya simu.

Hayo yote nilikuwa nayachukulia kama kichekesho mpaka ripoti ya katikati ya mradi ilipotoka. Programu ilijumlisha yenyewe: jina, kazi zilizokamilika, gharama. Mpiga picha ana zake, mhariri ana zake, nauli zipo, boti lipo. Kwenye jina langu: kazi 19 zimekamilika, gharama sifuri.

Nikapiga simu Nairobi. Mwenzangu hakuwa na ubaya, alishangaa tu. "Lakini dadangu, si wewe uko nyumbani?"

Niko nyumbani, kweli. Ndiyo maana nilichaguliwa. Lakini hebu nikueleze kuwa nyumbani kulikuwaje. Bibi wa kwanza hakusoma hata ubeti mmoja siku ya kwanza. Alitaka kujua mimi ni mtoto wa nani, na babangu mzazi alizikwa wapi. Siku ya pili akauliza sauti yake itawekwa wapi, na je, wanaume wasiomhusu wataisikia? Hilo si swali la kujibiwa haraka. Ilibidi nimpigie mwanawe aliyeko Mombasa, kwa kredo yangu, azungumze naye. Siku ya tatu mjukuu alikuwa na homa, tukakaa naye. Siku ya nne akavuta mkeka, akafumba macho, akasoma saa nzima bila kituo. Kwenye ubao siku hizo nne zilikuwa kadi moja: "Kurekodi, saa 1."

Usiku ule nikaanza kuandika kadi. "Kumtembelea bibi, saa 2." "Kueleza nani atasikiliza rekodi, saa 3." "Sukari na majani ya chai, pesa yangu." "Kungoja, mtoto anaumwa." Nikafika kadi 43. Simu za wenzangu zililia arifa mpaka usiku wa manane.

Mamangu alikuwa pembeni yangu. Akachungulia kioo cha simu, akasoma pole pole. "Hata kungoja, mwanangu, unakutilia bei?"

Swali lile liliniuma kuliko ile sifuri. Kwetu mgeni haulizwi kahawa aliyokunywa imegharimu kiasi gani. Kama mimi nahesabu saa zangu kwenye mkeka wa bibi, basi yeye naye ahesabu kashata alizonipa? Sikuwa na jibu. Lakini nilijua pia kuwa miezi miwili nilikuwa sijafundisha masomo yangu ya jioni, ambayo ndiyo yalikuwa yananilipa.

Nikamkumbuka Mwana Kupona. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mwaka 1858 alimtungia bintiye utendi ambao mpaka leo watu wanaugombania: wengine wanasema ni wasia wa heshima, wengine wanasema unamfunga mwanamke. Mimi safari hii niliusoma kama orodha ya kazi. Kupokea, kutunza, kuandaa, kuwa na subira, kujua la kusema na la kunyamazia. Mama yule alijua hiyo ni kazi, na ina ufundi wake. Isingekuwa kazi, asingehitaji kuifundisha.

Kwenye mkutano, wa Nairobi walipendekeza kadi zangu ziingie "Mengineyo". Nikakataa. Pesa zikipungua, Mengineyo ndiyo hukatwa kwanza, na hakuna anayeuliza ndani yake mlikuwa na nani. Nikataka safu yenye jina: Uratibu wa Siyu, na malipo ya kila mwezi. Pesa zitoke wapi? Kimya. Kila mtu alikuwa anaitazama bajeti ile ile. Mwishowe mpiga picha akasema safari yake moja ifutwe. "Bila yeye," akasema, "ningekuja kupiga picha milango iliyofungwa."

Mfadhili alitaka ushahidi. Ushahidi ulikuwa zile kadi 43. Baada ya wiki mbili akakubali, lakini kwa miezi iliyobaki tu. Ya nyuma haikulipwa, na mpaka leo haijalipwa. Safu nyingine tuliyoipata ni ya shukrani kwa akina bibi wenyewe, ambao kwenye bajeti ya kwanza hawakuwa na hata mstari.

Swali la mamangu bado ninalo, ila sasa najua mpaka wangu uko wapi. Bibi wa pili alifariki kabla ya awamu ya mwisho. Nilikaa matangani siku tatu. Mwenzangu wa Nairobi, kwa nia njema kabisa, alifungua kadi: "Kuhudhuria msiba," akaweka jina langu, akaacha nafasi nijaze saa. Niliifuta. Nikamwandikia, "Asante dadangu. Hiyo si ya mradi."

Rekodi yake ipo chini ya Imekamilika. Imebaki kadi moja yenye jina lake: kumpelekea bintiye nakala, Faza alikoolewa. Programu inataka tarehe ya mwisho. Nimeandika bamvua lijalo. Imekataa, inataka nambari, nami sijaijaza bado. Ami nahodha atanijulisha.