Nungwi: Kulala Chali Juu ya Maji

Kutoka mjini Unguja hadi Nungwi ni mwendo wa kilomita zipatazo 60, na daladala nambari 116 huukata kwa kusimamasimama: Mahonda penye mashamba ya miwa, Kinyasini, Mkwajuni, kisha moja kwa moja kaskazini hadi ardhi inapokwisha. Tulikuwa wanawake wanne, sote tumeshavuka miaka arubaini, sote wazaliwa wa visiwani, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua kuelea.

Msomaji wa bara huenda akastaajabu. Wa pwani hatastaajabu. Wavulana wetu hujifunza wenyewe kwa kujirusha kutoka ukutani pale Forodhani, tena mbele ya watu wazima wanaowatazama na kucheka. Binti huambiwa asisogelee maji. Akikua, huingia baharini kwa kazi, maji yakiwa yamekupwa: kulima mwani, kuokota chaza na kombe. Huijua bahari hiyo kwa miguu yake, mwamba kwa mwamba, lakini siku ikimfika shingoni hana la kufanya. Sisi tunaona kwamba hapa wazee tumewadhulumu mabinti zetu, ingawa tulidhani tunawahifadhi.

Nyumbani hatukupata upinzani tuliouhofia. Mmoja wa waume zetu alikumbusha kwamba Sayyidna Umar (r.a.) husimuliwa kuwa aliwahimiza watu wawafundishe watoto wao kuogelea, akauliza tu mwalimu ni nani na mavazi yatakuwaje. Mwalimu ni mwanamke wa Nungwi, kijana wa kutuzaa. Kazi ya namna hii si ngeni huko kaskazini: Mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana wa vijiji vile, na picha za wanafunzi wa Kijini wakielea katika bahari ya Muyuni, alizopiga Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Mavazi ni suruali na shati refu la mikono, la kitambaa chepesi, pamoja na kilemba kilichobana. Baibui tuliyaacha ufukweni. Nguo nzito ikishalowa humvuta mtu chini.

Tulifika pwani baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya wageni wa mahoteli kuamka. Mafundi wa majahazi walikuwa wameshaanza kazi, mmoja akitia kalafati kwenye maungio ya mbao, na hakuna aliyegeuka kututazama. Upande huu wa Nungwi maji hayakimbii mbali yanapokupwa kama yafanyavyo Paje na Jambiani. Hata hivyo mwalimu alichagua siku za maji mafu, bahari inapokuwa haina nguvu ya kuvuta wala kusukuma.

Somo lenyewe ni fupi kulieleza. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya kisima, na kifua kilichojaa pumzi ni kama dumu tupu lililozibwa. Mwili wa binadamu, basi, hukaribia kuelea wenyewe. Kinachouzamisha ni hofu. Aliyeshtuka huinua kichwa atafute hewa, na kichwa kikiinuka, miguu hushuka. Huinua mikono juu aombe msaada, na uzito wa mikono iliyo nje ya maji humdidimiza. Dawa yake ni kinyume cha kila linaloamriwa na moyo wakati ule: kisogo kilazwe ndani ya maji hadi masikio yazame, kidevu kitazame juu, mikono itandazwe, pumzi ivutwe kwa kina, ishikwe kidogo, itoke upesi, ivutwe tena. Uso tu ndio unaobaki nje.

“Mama, legeza shingo,” alisema mwalimu, kiganja chake kikiwa chini ya kisogo. “Usiitafute miguu. Itazame mbingu.”

Watatu kati yetu tuliweza siku ile ile. Masikio yakishazama, sauti za pwani hukatika na mtu husikia pumzi yake mwenyewe, kubwa kama ya mtu mwingine aliyelala kando. Wa nne hakuweza. Kila kiganja kilipoondoka alijikunja na kusimama.

Yeye ni mtu wa Wete. Kutoka pale tulipokuwa, bahari ya kuelekea Pemba huonekana wazi, na ni katika mkondo ule ndimo meli ya MV Spice Islander I ilimozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idd. Baadhi ya waliookolewa walikutwa wameshikilia magodoro. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Tangu hapo mwenzetu hajapanda meli. Mama yake mzazi yu hai huko Wete, mtu mzima sana, na binti humwona pale tu anapopata nauli ya ndege. (Kuelea hakumpi ruhusa mwenye chombo kupakia kupita kiasi, wala hakuondoi haja ya jaketi la kujiokolea kwa kila abiria. Tunalisema hili ili lisije likageuzwa.)

Tulirudi mara mbili zaidi, kila maji yalipokuwa mafu. Mara ya pili alifunga dumu la njano kifuani, akatulia. Mara ya tatu alilikataa dumu. Alijilaza, akafumba macho, na mwalimu akauondoa mkono bila kumwambia. Tulihesabu kimoyomoyo. Tulipofika arubaini na tatu alifumbua macho, akamwona mwalimu amesimama mbali, na hakujikunja.

Aliposimama, swali lake la kwanza lilikuwa kama angeweza kufanya vile mahali ambapo miguu haigusi chini. Mwalimu alimwambia bado, mpaka maji mafu yajayo, naye atakuwa kando yake.