Kompyuta Nayo Ituachie Mlango wa Kurudi



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunazungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo: ile programu ya kupangia na kufungulia mafaili katika kompyuta ya nyumbani. Tumeitumia miaka mingi kuhifadhia khutba na darsa zetu, wala hatukuifikiria hata siku moja, mpaka tulipopoteza amana kwa mkono wetu wenyewe.

Katika Ramadhani yake ya mwisho, marehemu mama yetu, Allah amrehemu, alikuwa akiwakalisha wajukuu wake baada ya tarawehe akiwasomesha dua. Yeye akisoma, wao wakiitikia. Binti yetu alirekodi vikao vitatu kwa simu, akavitia katika flashi yetu. Simu haikuvipa majina ila tarakimu. Miezi kadhaa baadaye tulihitaji nafasi ya darsa mpya. Tukayaona mafaili yale ya tarakimu, tukadhani ni rekodi zetu za kale, tukayafuta. Kompyuta iliuliza swali kwa Kiingereza, nasi tukakubali bila kusoma, kwani tulizoea kwamba kilichofutwa huenda kapuni, na cha kapuni hurudishwa.

Usiku ule binti yetu alikuja kuitafuta sauti ya bibi yake. Tukafungua kapu, hatukuikuta.

"Baba," alisema kwa upole, "vya kwenye flashi haviendi kapuni. Hufutika moja kwa moja."

Fundi alitueleza kuwa faili likifutwa, aghalabu yaliyomo hayaondoki papo hapo. Kompyuta huihesabu tu nafasi ile kuwa wazi, mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake. Nasi tulikuwa tumeshaandika darsa. Akaokoa kikao kimoja; viwili vimekwenda. Basi likikufikeni jambo hili, itoeni flashi wala msitie kitu ndani yake mpaka imfikie fundi.

Picha ya meza, folda na karatasi katika skrini iliingia sokoni mwaka 1981 kwa kompyuta ya kampuni ya Xerox, ili aliyezoea ofisi asione ugeni. Nia ni njema. Lakini katika ofisi ya karatasi, kilichotupwa chochote huokotwa kapuni. Ikiwa kapu la kompyuta hupokea vingine na vingine likavipoteza, picha ile humhadaa mwenye kuiamini.

Kwa hivyo tunawanasihi watengenezaji wa programu hizi mambo matatu. Kwanza, swali la kufuta lisifanane katika hali zote mbili, liseme kwa Kiswahili chepesi: "Faili hili halitarudi tena." Pili, kabla ya kufuta rekodi, tusikilizishwe japo sekunde chache, kwani sauti ya mzazi haifichiki nyuma ya tarakimu. Tatu, tuweze kulitia faili alama ya amana, lisifutike mpaka alama ile iondolewe kwanza.

Nasi upande wetu tuna wajibu. Usiku huu huu, yapeni majina mafaili yenu: nani anasema, wapi, mwaka gani. Nakala ziwe mbili, mahali pawili. Na akina mama, ambao ndio wenye kuweka picha na vyeti vya watoto, wasiachiwe mzigo huu peke yao.

Wako wanazuoni wa lugha walionasibisha neno insani na nisiani, yaani kusahau. Mola wetu aliyetuumba wenye kusahau ametufungulia mlango wa toba. Chombo tunachokitengeneza wenyewe nacho kisimfungie mja mlango kwa kosa la kidole kimoja.

Kikao kile kilichobaki kina dakika chache tu. Wajukuu huitikia pamoja na bibi yao kila Ijumaa usiku.

Wabillahi tawfiq.