Chungu, Tamu na Mizani

Neno mizani lina kazi mbili katika mji ninaokaa. Kwa mshairi, mizani ni hesabu ya silabi, nane kwa nane katika mshororo, na anayezidisha husikika kabla hajamaliza ubeti. Kwa dereva wa lori, mizani ni ile ya Mpemba, anayokutana nayo kabla ya kuingia Tunduma, ambapo shehena hupimwa na aliyezidisha hutozwa. Nimeishi baina ya mizani hizi mbili kwa zaidi ya miaka thelathini. Usiku hutunga; mchana huwatafsiria watu hati za mpakani. Sina cheti cha fani yoyote. Kiingereza nimejifunza katika kamusi iliyochakaa, na Kifaransa kidogo nilichonacho nimekiokota kwa madereva wa Lubumbashi.

Mizani ya tatu nimekutana nayo katika kazi ndogo ya tafsiri. Mwenye nyumba moja ya wageni aliniletea orodha ya vinywaji, akitaka kila kimoja kielezwe kwa Kiswahili. Mimi si mnywaji, lakini mtafsiri hutafsiri na kile asichokinywa. Mistari mingi ilipita bila taabu. Mmoja ulinikwamisha siku tatu: gin, maji ya balungi, na shira ya ua fulani la Ulaya. Pembeni yake kulikuwa na neno moja lenye kuunganisha uchungu na utamu.

Nilianza na gin. Nikiandika jini, msomaji wa mwambao ataona kiumbe wa moto kabla hajaona chupa. Hali kinywaji hiki kimepata jina lake kwa njia ya Waholanzi, kutokana na mti wa mreteni, ambao matunda yake ndiyo yanayokipa harufu. Nikafikiria kuandika konyagi, kwa kuwa ndicho kilevi chetu kilicho karibu nacho. Hapo napo pana kichekesho. Konyagi ni jina la mji wa Cognac, Ufaransa, unaosifika kwa kilevi cha zabibu chenye rangi ya kahawia. Lilipofika Tanzania jina hilo likavaliwa na kilevi cheupe kama maji, chenye ulevi wa asilimia 35. Gin ya Ulaya haipungui 37.5. Nikaliacha neno gin kama lilivyo.

Ua nalo lilikuwa na mtego wake. Anayefuata maana ya kila siku ya jina lake la Kiingereza ataandika ua la mzee. Kumbe ni mti, Sambucus nigra kwa wataalamu wa mimea, unaotoa vishada vya maua madogo ya rangi ya maziwa mwanzoni mwa kiangazi cha Ulaya. Watu wa huko huyaroweka katika sukari na limau, wakapata shira yenye kunukia. Hapa kwetu ua jeupe linalonukia ni la mkahawa. Mashamba ya Mbozi yanapochanua, harufu yake hukukumbusha asumini za visiwani. Niliwaza kumshauri mwenye nyumba atengeneze shira kwa maua hayo, kisha nikaacha: kila ua la mkahawa linalochumwa ni tunda ambalo mkulima hatalivuna. Nikamwandikia asumini.

Likabaki balungi, na ndilo lililonifunza. Uchungu wake hautoki katika ngozi nyeupe peke yake. Umo hata katika maji yake. Nilikamua, nikachanganya bila gin, ili nijue ninachokitafsiri. Kipimo nilichopewa kilikuwa mililita 60 za balungi na 15 za shira, pamoja na 40 za gin, vitikiswe na barafu, vichujwe. Nilipoiongeza shira ikafika 30, uchungu ulizama na kinywaji kikawa sharubati ya watoto. Nilipoirudisha 15, uchungu na utamu vilikaa pamoja, kila kimoja kikisikika.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binamu yangu. Alikuwa utingo. Kabla kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde hakijafunguliwa Oktoba 2019, malori yalipanga foleni kwa siku kadhaa, na mtu asiye na kazi wala kitanda alikuwa na kiroba: kilevi kikali ndani ya pakiti ndogo ya plastiki, cha kung'atwa pembe na kufyonzwa. Zambia ilivipiga marufuku vyake, walivyoviita tujilijili, mwaka 2012. Tanzania ilifuata Machi 1, 2017. Kwa miaka mitano hiyo, kilichokuwa haramu upande mmoja wa mpaka kilikuwa halali upande wa pili, nasi tuliishi palepale kati. Binamu yangu alilala chini ya tela usiku mmoja wa mwaka 2014, asiamke. Mfukoni alikuwa na pakiti tisa tupu na mbili ambazo hazijafunguliwa.

Watu walisema aliuawa na ukali wa pombe. Mimi naona aliuawa pia na kukosa gilasi. Gilasi huonekana, ikijaa hujaa, ikiisha huisha, na aliye karibu nawe huihesabu. Hata kimpumu, pombe ya ulezi ya wazee wetu, ina mizani yake: watu hukizunguka chungu kimoja kwa mirija, maji ya moto huongezwa, na ulezi unapoishiwa nguvu, kikao kimekwisha. Kiroba hakikuwa na chungu, gilasi wala kikao. Kilinyweka kimesimama, kwa siri, hata mnywaji mwenyewe asijue amefikia wapi.

Balungi lina kisa kingine cha kuficha. Mwaka 1989, David Bailey na wenzake huko London, jimbo la Ontario, Canada, walichunguza iwapo pombe hugongana na felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, ili watu wa majaribio wasiitambue. Dawa ikazidi mno katika damu, na aliyesababisha akaonekana ni balungi lenyewe: huzuia kimeng'enya kinachoivunja dawa tumboni. Kilichowekwa kuficha ndicho kilichokuwa na nguvu. Kwa hiyo, chini ya mstari ule niliongeza onyo ambalo halikuwamo katika asili: anayetumia dawa za shinikizo la damu amuulize daktari kwanza.

Mwenye nyumba alilalamika kwamba tafsiri imekuwa ndefu kuliko matini. Alitaka pia nifute vipimo, kwani wateja, alisema, hawasomi hesabu. Nilimkubalia kufupisha maelezo ya maua. Vipimo nilivikatalia. Jina la kinywaji nimeliandika Chungu-tamu, silabi nne, mbili kwa mbili, wala sikuthubutu kuongeza neno la kuipamba. Na mwisho wa mstari nikaweka maneno ambayo hakuyalipia: hunywewa katika gilasi, mtu akiwa ameketi.