Chapa ya Kisumu

Binti wa kaka yangu alikitoa kitabu kwenye rafu yangu mwezi uliopita, akafunua ule ukurasa wa mwanzo ambao wasomaji wengi huuruka, akaniuliza, "Shangazi, kwani Kisumu kulikuwa na wachapishaji?" Yuko kidato cha tatu. Kazaliwa Kisumu, kasomea Kisumu. Jina lililokuwa kwenye jalada, Asenath Bole Odaga, hakuwahi kulisikia. Iliniuma.

Mimi jina hilo nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitabu karibu na soko la Jubilee. Alikuwa na meza ya mbao na karatasi ya nailoni ya kufunika mali yake mvua ya jioni ilipotoka ziwani. Jirani yake alikuwa mama muuza dagaa wa omena, kwa hiyo kila kitabu ulichonunua pale kilinuka omena juu ya wino na gundi, na hata ukikianika juani wiki nzima harufu haikuisha. Hukugusa kitabu kabla hujamwonyesha viganja. "Mikono," alikuwa akisema, na ukiwa umetoka kula embe alikurudisha bombani. Kisha alikipangusa kitabu kwa kitambaa cha buluu, mbele na nyuma, ndipo akakukabidhi. Vya Nairobi na London alivipanga kingo za meza. Katikati, majalada yakitazama wapita njia, aliweka vya Lake Publishers. Alinifunulia kimoja na kuniwekea kidole chini ya neno moja: Kisumu. Mpaka siku hiyo mji wetu nilikuwa nimeuona umepigwa chapa kwenye tiketi za basi na risiti za maduka tu.

Nimerudi kupekua miaka. Odaga alizaliwa 1937, akafundisha Butere, akawa mwalimu mkuu wa Nyakach Girls kuanzia 1961 hadi 1963. Hadithi yake *Jande's Ambition* ilitoka 1966. Chuo Kikuu cha Nairobi alikiingia akiwa mtu mzima, na shahada ya pili, aliyoipata 1981, aliifanyia fasihi simulizi ya Waluo. Alikuwa mtafiti katika taasisi ya masomo ya Kiafrika ya chuo hicho hicho. Kisha 1982, mwaka ambao watu wa rika langu tunaukumbuka kwa jaribio la mapinduzi la Agosti, akaanzisha Lake Publishers and Enterprises, Kisumu.

Watu wakimtaja husema "mwandishi" wakanyamaza. Hilo linanikera. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini kumiliki na kuongoza kampuni ya uchapishaji, na kuchapisha si kuandika. Mchapishaji hulipa mhariri, mchoraji na karatasi, kiwanda kinadai chake, na hakuna nakala hata moja iliyouzwa. Kisha husubiri Januari, shule zifunguliwe. Kitabu kisipoingia kwenye orodha ya shule hubaki stoo kwenye maboksi, kikingojewa na mchwa. Mzigo huo aliubeba mbali na Nairobi, kwenye mji ambao hadithi zenyewe zilikuwa zikisimuliwa.

Maana hadithi tulikuwa nazo. Dani, nyanya yangu, alitusimulia habari za Nyamgondho mwana wa Ombare usiku, sisi wasichana tumelala kwenye siwindhe, nyumba ya nyanya wanamolala wasichana: yule mvuvi fukara aliyevuta wavu akatoa bikizee majini, akamwoa, akatajirika, akalewa, akamtukana, na mama akarudi ziwani na ng'ombe wote nyuma yake. Dani alipofika kwa ng'ombe alishusha sauti mpaka tukasikia mbu. Nilipomkuta Nyamgondho kwenye kitabu cha Odaga, kwenye meza ile, nilisoma nimesimama hadi mzee akanisogezea kigoda. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia hizo ni porojo za vijijini. Miaka miwili baadaye tulizisoma darasani kama fasihi, na kitabu kilichotufundisha namna ya kuzichambua, *Yesterday's Today* cha 1984, kilikuwa na chapa ya Kisumu.

Ndicho alichokishika binti yetu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mzee alifariki, meza ikawa ya simu na chaja. Odaga aliendelea hadi kamusi ya Kiluo. Alituaga Desemba 2014. Siku hizi ukiingia dukani mjini kuuliza vitabu vyake unaletewa mitihani ya zamani na majibu yake, na muuzaji hakuulizi kama umenawa.

Usiku ule binti alinitaka nimalizie Nyamgondho. Nikamsimulia hadi mvuvi alipogeuka kisiki ufuoni, nikafunga kama Dani alivyofunga: thu tinda. Akalirudia mara mbili, akachukua kalamu, akauliza linaandikwaje. Nikainuka, nikamtolea kitabu cha Odaga cha 1980, kile chembamba, akalinakili kutoka jaladani.