Siku Tuliyofumua Ngoma

Mkasi wa baba ulikuwa na pete moja iliyozungushiwa kitambaa, kwa sababu chuma kilikuwa kikimchubua kidole gumba. Kwa mkasi huo zilikatwa bendera za kwanza nilizowahi kushika, mwezi Juni mwaka 1962, barazani kwetu Buyenzi. Nilikuwa na miaka tisa. Mwenye duka mmoja wa mjini alikuwa ameleta majora matatu ya kitambaa, jekundu, jeupe na la kijani, akamwambia baba, "Fundi, usiku na mchana. Tarehe moja Julai kila mlango uwe na bendera." Cherehani haikulala. Mji ulikuwa ungali unaitwa Usumbura. Uhuru ndio uliotupa jina la Bujumbura.

Bendera ile wajukuu wangu hawaijui. Ilikuwa na msalaba mweupe wa mshazari kama wa leo, lakini katika duara la katikati hapakuwa na nyota. Palikuwa na ngoma na mche wa mtama. Ngoma ile ni Karyenda, ngoma takatifu ya wafalme wa Burundi, na mtama ni ule wa umuganuro, sikukuu ya kale ambayo Mwami, yaani mfalme, alifungulia nayo msimu wa kupanda. Wakoloni na wamisionari waliizima sikukuu hiyo kabla baba hajajifunza kazi. Kwa bendera ndogo za mkononi, baba aliikata ngoma kutoka mabaki ya suti ya kahawia ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Mama alitarizi mtama kwa uzi wa kijani. Kazi yangu mimi ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, maana macho yangu yalikuwa mapya.

Siku yenyewe naikumbuka kwa masikio kuliko macho. Nilikuwa nyuma ya migongo ya watu, sikuona kitu, ila ngoma za wale vijana waliozibeba vichwani nilizisikia kifuani kabla hazijafika masikioni. Na nakumbuka jambo lililonishangaza: mama na wenzake walikuwa wakipiga vigelegele, kisha katikati ya vigelegele mmoja wao akaanza kulia, na wote wakamfuata. Walikuwa wakimlilia Rwagasore.

Inafaa nieleze Buyenzi ilivyokuwa kwake. Prince Louis Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa, lakini Waswahili wa mtaani kwetu hawakumjua kwa utoto wa kifalme. Walimjua kwa ushirika wa wafanyabiashara aliouanzisha mwaka 1957, alipotaka mwenye kiduka asiwe mtumwa wa mwenye ghala. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge. Tarehe 13 Oktoba akapigwa risasi katika Hoteli Tanganyika, ufukweni, akiwa na miaka 29. Mgiriki aliyempiga, Jean Kageorgis, aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake ndiyo uhuru. Kwa hiyo sikukuu yetu ya kwanza kabisa ya taifa ilikuwa pia matanga, na hakuna aliyetuzuia kulia. Nilidhani sikukuu zote ndivyo zilivyo.

Miaka minne baadaye nikajifunza vingine.

Mwaka 1966 wenye enzi walipokezana upesi kuliko mafundi wa kutundika picha zao. Julai, Mwambutsa akiwa Ulaya, mwanawe Charles Ndizeye akamwondoa, na Septemba akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Tarehe 28 Novemba kijana huyo alikuwa Kinshasa kwenye sherehe za Rais Mobutu wa Kongo za kutimiza mwaka mmoja madarakani. Akiwa huko mgeni wa sikukuu ya mwenzake, waziri mkuu wake, Kapteni Micombero, akatangaza jamhuri. Tarehe hiyo nayo ikawa sikukuu.

Siku chache baadaye yule mwenye duka akarudi barazani na furushi la bendera zetu wenyewe. Ngoma itoke, alisema. Mtama ubaki.

Tulikaa mkekani, baba, mama na mimi. Baba alinipa wembe, akanionyesha jinsi ya kuinua mshono kwa ncha. "Taratibu, mwanangu. Kata uzi, usikate kitambaa." Nikafumua ngoma ya kwanza, ya pili, ya kumi. Zilikuwa ndogo kama kiganja cha mtoto mchanga. Nilizipanga kwenye kopo la biskuti kwa kuwa sikuambiwa nizitupe.

Mzee mmoja kutoka Muramvya, mlinzi wa usiku wa duka la jirani, alikuwa akipita kila magharibi kuchukua chai yake kwa mama. Jioni ile alisimama, akatazama mikono yangu, akauliza kwa Kirundi tunafanya nini. Baba akajibu kwamba tunatoa ingoma. Hapo ndipo nilipomwona mtu mzima akivua kofia mbele ya furushi la vitambaa. Katika Kirundi ingoma ni ngoma, na ingoma hiyo hiyo ni enzi, utawala. Baba alikuwa ametaja kazi ya mkono. Mzee alisikia kwamba ufalme wa mababu zake ulikuwa ukifumuliwa kwa wembe na msichana wa miaka kumi na mitatu. Hakuinywa chai yake.

Tulipomaliza, niliiinua bendera moja kwenye mwanga wa karabai. Pale ilipokuwa ngoma, kitambaa kilikuwa cheupe kuliko pengine pote, kwa sababu vumbi la miaka minne halikufika pale. Umbo lake lilionekana waziwazi, na matundu ya sindano yakilizunguka. Mama alifua bendera zile mara mbili. Umbo halikutoka.

Machi 1967 furushi likarudi tena. Safari hii mtama nao ulitoka, zikaingia nyota tatu nyekundu zenye pembe sita, na ukingo wa kijani. Nyota ya pembe sita ni ngumu kukata. Baba alikunja karatasi mara nyingi kabla hajapata kigezo. Tuliambiwa nyota ni Wahutu, Watutsi na Watwa. Jinsi nilivyoshona nyota zile kwa uangalifu ili zilingane ukubwa, nisingeamini kilichokuja.

Aliyetufundisha kutembea kwenye gwaride (sisi tukiliita defile) alikuwa mwalimu wa avenyu ya pili kutoka kwetu, mtu mwembamba mwenye baiskeli nyeusi. Jioni alitupanga safu barabarani, wasichana mbele. Alikuwa na kitu chake mwenyewe ambacho sikukiona shule nyingine yoyote: tukifika mbele ya jukwaa la wakubwa, tugeuze shingo, halafu tugonge kisigino mara mbili, ta-ta, bila kupoteza hatua. "Wakubwa wajue watoto wa Buyenzi wamepita," alisema. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akifanya mazoezi hadi usingizini.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia upande wa kusini, kando ya ziwa, wakaua watu. Yaliyofuata ndiyo Warundi huita ikiza, yaani janga. Serikali iliwaua Wahutu, waliosoma kwanza: walimu, makarani, wanafunzi, askari. Wanahistoria wanataja watu kati ya 100,000 na 300,000 katika miezi michache. Mwalimu wetu alichukuliwa mwezi Mei, mchana, na watu waliokuja na gari. Baiskeli yake ilibaki imeegemea ukuta. Mkewe hakuigusa, nasi hatukuigusa. Mvua za Septemba zilipoanza, mnyororo ulikuwa tayari umeshika kutu.

Hakuna aliyekaa matanga yake. Mkewe alikatazwa na ndugu zake kulia kwa sauti. Na ilipofika sikukuu, watoto wakavaa sare, wakapangwa safu, wakatembea. Nilikuwa kando ya barabara na miaka yangu kumi na tisa. Nilimwona mdogo wangu anafika mbele ya jukwaa, anageuza shingo, na kisigino: ta-ta. Waliokuwa jukwaani walipiga makofi.

Tangu siku ile sikuweza tena kuitazama sikukuu ya serikali kama tamasha tu. Kalenda ya taifa ndiyo inayotuambia nani aliliwe hadharani na nani aliliwe chini ya mto wa kulalia. Rwagasore alikuwa na siku yake, na alistahili. Mwalimu hakuwa na siku.

Walikuja madarakani Bagaza mwaka 1976 na Buyoya mwaka 1987, kila mmoja na mabango yake. Mwaka 1991 tukapigia kura mkataba wa umoja, na tarehe 5 Februari ikawa sikukuu. Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais, Julai akaapishwa, na tarehe 21 Oktoba akauawa na wanajeshi. Kati ya siku ya Rwagasore na siku yake ni siku nane tu. Kwa miaka mingi nilijua majirani waliokwenda kwenye mashada ya tarehe 13 wakafunga milango tarehe 21, na wengine kinyume chake. Mama yangu, Mungu amrehemu, alivaa kanga ile ile siku zote mbili. Aliniambia kifo hakina avenyu.

Ngoma nayo ilirudi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nikalia kwa furaha. Mwaka 2017 amri ya rais ikasema wanawake wasiipige, na maonyesho nje ya sherehe rasmi yawe na kibali. Nilitoa kopo langu la biskuti siku ile. Niliyefumua ngoma nikiwa msichana siruhusiwi kuipiga nikiwa bibi. Jambo hilo linaniuma, na silifichi.

Mwaka 2020 tume ya ukweli na maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yamefukuliwa katika makaburi ya halaiki huko Karusi. Mjane wa mwalimu alikuwa amekwisha kufariki. Tarehe 29 Aprili bado ofisi zinafunguliwa kama kawaida.

Mdogo wangu alikuja kuwa mwalimu pia, hadi alipostaafu. Mwaka 2022, Burundi ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, mjukuu wangu wa miaka kumi alikuwa akifanya mazoezi uani kwangu na wenzake, amevaa soksi nyeupe zilizomzidi. Nilikuwa nachambua mchele. Alifika mbele ya kiti changu, akageuza shingo, na kisigino kikagonga saruji mara mbili.

Nikamuuliza nani amemfundisha.

"Babu," akasema. "Anasema ndivyo wanavyopita watoto wa Buyenzi."